Mwali wa Mlangoni: Historia ya Marehemu Felista Eustace Mkude (1950–2002)

Baba Paroko, wazee wa ukoo, ndugu mliopanda mlima tangu jana kutoka Bigwa, Mafiga na Gairo, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na ninyi watani zetu ambao leo mmekaa kimya hadi mnanitia wasiwasi, mimi ni Laurenti Eustace Mkude, mwalimu mstaafu, kaka mkubwa wa marehemu na mjomba wa watoto wake, nami ndiye niliyepewa karatasi hii niisome. Kwa desturi msomaji hujificha nyuma ya karatasi, husoma tarehe, huketi, na shughuli huendelea, lakini mimi leo sitaweza kujificha, kwa sababu karibu miaka tisa ya mwisho ya dada yangu niliishika mimi mkononi mwangu, na kabla udongo haujarudishwa kaburini kuna jibu ambalo Pendo, binti yake, analisubiri kwangu, kwamba je, kazi iliyomfunga mama yake sasa imfunge yeye. Naomba mnivumilie, maana nitakwenda kwa mpangilio kama inavyotakiwa, ila pale nilipokosea nitasema nimekosea.

Marehemu Felista alizaliwa tarehe 22 Novemba 1950 hapa hapa Nyandira, tarafa ya Mgeta, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Eustace Mkude na Mama Kristina, wote wawili wametangulia, akabatizwa siku ya Noeli mwaka huo huo, na Januari 1958 akaanza darasa la kwanza katika shule ya misheni. Alikuwa na akili ya darasani, ila mkono wake haukutulia, na mwaka 1961 alichapwa viboko kwa kumchora mwalimu wa hesabu pembeni ya daftari, akiwa amevaa kofia yake na amepanua pua zake, na kosa lake hasa halikuwa kuchora, kosa ni kwamba darasa zima lilimtambua mwalimu kabla hata daftari halijafika meza ya pili.

Mwezi Februari 1964, akiwa na miaka kumi na tatu, alipevuka, na bibi yetu mzaa mama akamweka ndani kuwa mwali kama walivyowekwa mama zake wote kabla yake, jambo lililofanywa kwa siri ili Padri asijue, na Padri alijua. Alikaa ndani miezi kumi na minne, katika chumba cha nyuma cha nyumba hiyo mnayoiona, haoni jua isipokuwa lile lililopita katika ufa wa mlango, hasemi na mwanamume yeyote, hata mimi kaka yake niliyekuwa nikirudi likizo kutoka chuo cha ualimu nilipita ukutani bila kumwita. Nakumbuka nilisikia kitu kikikwaruza upande wa pili wa ukuta nikadhani ni panya, kumbe alikuwa anachora kwa makaa, anachora kile tu alichoweza kukiona, yaani mlango, ufa wake, mwanga wake, na msichana anayesimama hapo akiwa ameinua mkono kana kwamba atasukuma. Alitolewa nje Jumatatu ya Pasaka, tarehe 19 Aprili 1965, akabebwa mabegani, ngoma ikapigwa mpaka watu wa Langali wakasikia, na siku ile sote tulifurahi, ila shule haikuwa imemsubiri, na darasa la saba hakulimaliza.

Kuanzia mwaka 1967 hadi 1970 alifanya kazi misheni chini ya Sista mmoja Mholanzi aliyepewa jukumu la kuzifufua picha za Njia ya Msalaba, ambazo unyevu wa huku kwetu na mchwa walikuwa wamezila, na huko ndiko alikojifunza rangi za mafuta, jinsi ya kuzilainisha, jinsi ya kupaka tabaka moja na kuliacha likauke kwa siku nyingi kabla ya kupaka jingine, na jinsi ya kupata rangi ya ngozi yetu, ambayo Sista aliitafuta kwenye chupa akaikosa, marehemu akaipata kwa kuchanganya nyekundu, kijani na njano kidogo. Wazee watakumbuka kwamba yule Veronika wa kituo cha sita alipomaliza kupakwa upya alikuwa na sura ya shangazi yetu Modesta, na shangazi aliacha kukaa upande ule wa kanisa kwa muda wa mwaka mzima.

Tarehe 8 Julai 1972 alifunga ndoa na Bwana Richard, fundi wa mitambo, mzaliwa wa Gairo, wakahamia mjini Morogoro, wakaishi kwanza Mafiga, kisha wakajenga Bigwa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Allen, aliyezaliwa 1974, ambaye ni dereva wa malori njia ya Dodoma, na Pendo, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1979. Mwaka 1981 marehemu aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo pale mjini, kwenye chumba cha michoro, akichora mapambo ya khanga na vitenge, na wenzake walioko hapa wananiambia kwamba alikuwa mwanamke peke yake katika chumba kile, na kwamba khanga zenye maua ya mbaazi, ambazo mama zetu wengi walizivaa miaka ile, zilitoka kwenye kalamu yake ingawa jina lake halikuandikwa popote. Bwana Richard alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1989, na tarehe 30 Juni 1992, mitumba ilipojaa masoko na khanga za nje zikauzwa kila kona, kiwanda kikapunguza wafanyakazi, na dada yangu akarudi nyumbani Bigwa na cheti cha utumishi mwema.

Hapa ndipo ningependa niwaambie kwamba alivunjika moyo, lakini ukweli ni kwamba sijapata kumwona mwenye furaha kama mwaka ule uliofuata. Ilikuwa ni wakati ambapo kila kitu kimeruhusiwa, maduka yanaleta vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, na katika vitu hivyo zilikuja rangi za mafuta kwenye mirija midogo kama dawa ya meno, naye akanunua, akatundika vitambaa kwenye mbao, akachora usiku na mchana picha kumi na moja. Alimchora mama anayenyonyesha huku akipima maharage kwenye mizani. Aliwachora wanawake watatu waliopunguzwa kazi wamekaa juu ya benchi na magwanda yao ya kiwanda mapajani. Alimchora mjane ananyolewa. Alijichora mwenyewe, kutoka kiunoni kwenda juu, bila nguo, akiwa na miaka arobaini na miwili, na matiti yaliyokwisha kulea, anatazama mbele moja kwa moja, na chini akaandika neno moja, Mimi. Na moja katika hizo kumi na moja ilikuwa ile ya msichana mlangoni.

Picha hizo zilitundikwa katika ukumbi mmoja wa mjini mwezi Mei 1993, nami nikashuka kuziona nikiwa nimevaa koti, nikiwa mwalimu mkuu, tena mkubwa wa ukoo tangu mwaka 1988, na nilipofika mbele ya ile iliyoandikwa Mimi, wakiwepo walimu wenzangu wawili, nilijisikia kama aliyevuliwa nguo ni mimi. Nilimwambia tu, "Felista, hizi nyingine ungewaachia wazungu." Akanijibu kwa upole, "Kaka, wazungu hawajawahi kuwa mimi." Nikarudi mlimani na hasira yangu, na hasira ya mwalimu, kama mnavyojua wanafunzi wangu mlioko hapa, huwa haiishi, hutafuta siku yake.

Siku yake ilikuja kwa miguu ya Bwana Castory, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, aliyeko hapa msibani leo, ambaye aliiona picha ya mwali mlangoni, akaona kuwa watalii na mahoteli wataipenda, na akamwomba marehemu amchoree nyingine za namna ile ile. Marehemu alikubali, ila kwa kuwa ule mlango ni wa nyumba ya ukoo na uwali si mali ya mtu mmoja, akamwambia kwa adabu kwamba apande kwanza kwa kaka akaombe ruhusa ya mlango. Ni ruhusa ya mlango tu aliyomtuma kuomba. Bwana Castory akaja Jumapili ya tarehe 15 Agosti 1993, sikukuu ya Kupalizwa, akanikuta nimekaa na wazee, akasema shikamoo kwa kila mmoja, akaeleza shida yake vizuri kuliko vijana wetu wengi wanavyoeleza.

Kwa faida ya wageni niseme kwamba sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, haiuzwi, lakini mgeni akija kwa heshima huazimwa kipande alime, kwa masharti kwamba alime kile tu alichoruhusiwa, na kila mwaka alete ngoto, yaani zawadi ya shukrani kwa mkubwa wa ukoo, jogoo, pombe, kitambaa, na maadamu mkubwa ameipokea ile ngoto, mgeni haondolewi na masharti hayabadiliki. Basi mimi, ambaye sijui chochote kuhusu biashara ya picha, na sikutaka kuonekana sijui, niliitendea picha ile kama shamba. Nilimwazima Bwana Castory mlango wetu, nikaweka sharti kwamba dada yangu atamchorea yeye peke yake, atachora mwali huyo peke yake, na wanawake wengine wa ukoo wetu, nguo zao, vifua vyao na vichwa vyao vilivyonyolewa, hatawagusa tena, na wazee wote wakaitikia kwamba nimesema kama mkubwa. Nilijua nafanya nini, ndugu zangu. Niliifunga ile picha ya Mimi kwa kutumia sheria ya mihogo.

Marehemu alipopelekewa habari hiyo hakubishana, kwa kuwa alilelewa kutobishana na neno lililopokelewa na ukoo, akaanza kazi, na kuanzia hapo historia yake ni rahisi kuisoma, kwa maana mwaka 1994 alichora mwali mlangoni, mwaka 1995 alichora mwali mlangoni, mwaka 1996 alichora mwali mlangoni, mkubwa kwa hoteli, mdogo kwa masanduku ya watalii, wa wima, wa ulalo, mkono ule ule umeinuliwa na mlango ule ule haufunguki. Na ili mwanga wa ufa utoke sawasawa alifunga madirisha ya chumba chake pale Bigwa kwa magunia, akaacha upenyo mmoja, akafanya kazi humo. Jirani yake, Mama Shadia, alikuwa akimwita toka nje, "Mama Pendo, toka uote jua!" naye hujibu kutoka ndani, "Jua nalitumia hili hili, dada."

Mimi huku mlimani nilipokea ngoto. Mwaka wa kwanza ilikuwa jogoo mwekundu na kibuyu cha pombe, mwaka wa pili shuka, baadaye magunia ya mchele wa Kilombero, na mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa kulibomoa paa letu la nyasi, yalikuja mabati, ndiyo hayo yanayong'aa hapo nyuma, na mimi nilisimama chini yake nikawaambia vijana kwamba hayo ndiyo maendeleo. Sikumwona dada yangu anayalipia.

Alikuja kuniona mara moja tu kwa jambo hilo, Juni 1997, akapanda kwa miguu kutoka pale gari linapoishia, akasalimia, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, kisha akaniuliza, "Kaka, kwa desturi yetu mwali hukaa ndani miaka mingapi?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua, "Mpaka mwenye kumtoa aseme." Akaniuliza, "Na mwenye kumtoa akisahau?" Nikacheka. Nilidhani anatania kuhusu bibi. Alicheka na yeye kidogo, akanisaidia kumenya mahindi, akashuka mlima, hakurudi kuuliza tena, na mimi, mwalimu wa miaka thelathini na miwili, nilichukua miaka minne kulielewa swali hilo.

Mwezi Machi 2000 alihisi uvimbe kwenye titi la kulia, akaukalia kimya miezi sita kwa sababu kulikuwa na oda ya hoteli mpya, na alipokwenda hospitali ya mkoa, Septemba mwaka huo, akapelekwa Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji tarehe 9 Novemba 2000, akaendelea na matibabu kwa vipindi, akarudi Bigwa. Mkono ulipovimba hata brashi ikawa nzito, Pendo alishika brashi mahali pake, kwanza magauni ya mwali, baadaye mlango, mwishowe uso na vidole, na picha zote zilizotoka katika nyumba ile mwaka mzima wa 2001 ni za Pendo, na hakuna mnunuzi aliyegundua, jambo ambalo wengine walilisifu na mimi lilinitia baridi. Wiki ya mwisho alikataa kulala chumbani, akasema kitanda kitolewe, na majirani wakakibeba hadi chini ya upenu wa paa uani, wakamfunika vizuri, na hapo ndipo alipofariki, Alhamisi tarehe 14 Machi 2002, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, Pendo akiwa amemshika mkono.

Juzi nilipofika Bigwa, niliingia kwenye chumba kile nikaondoa magunia dirishani, nikatafuta. Niseme wazi nilichokuwa natafuta, nilikuwa natafuta picha nyingine, yoyote, aliyoichora kwa kutuficha, nikijipa moyo kwamba mtu mwenye kipaji kama kile hakosi kuiba siku moja kwa ajili yake mwenyewe, na ningeipata ningelia na ningejisamehe. Haikuwepo. Nilipomwuliza Pendo zile nyingine kumi za mwaka 1993 ziko wapi, aliniambia kwamba mwaka 1995 vitambaa vya kuchorea vilipokosekana mama yake alizipaka nyeupe zote, ikiwemo ile iliyoandikwa Mimi, akachora mwali juu yake, na zote ziliuzwa. Kwa hiyo uso wa dada yangu, jinsi alivyouona yeye mwenyewe, uko kwenye ukuta wa mtu fulani duniani, chini ya mlango wetu, na mwenye nyumba hajui.

Nafika kwenye jambo la Pendo. Jana Bwana Castory amekuja na ngoto mpya, kama desturi inavyotaka mwenye shamba anapofariki, jogoo, sanda ambayo dada yangu amevishwa, na mchele ambao wengi wenu mmeula mchana huu, naye hakufanya kosa lolote, ameishika mila yetu kuliko tulivyoishika sisi, na ameomba kazi ihamie kwa Pendo kwa masharti yale yale. Wazee walikaa, wakaona ni heshima mtoto kurithi kazi ya mama, wakakubali, na kwenye karatasi hii, ukurasa wa nne, mstari wa mwisho, imeandikwa kwa mwandiko wangu kwamba ukoo umepokea.

Mstari huo siusomi.

Nilimwuliza Pendo asubuhi hii yeye mwenyewe anataka nini, na sisi hatukuwa tumemwuliza, akaniambia, "Mjomba, mimi sijawahi kuchora kitu kingine, sijui kama naweza." Wazee wangu, huyo ni binti wa miaka ishirini na mitatu. Ngoto hupokelewa na mkubwa wa ukoo au haipokelewi, na maadamu mkubwa bado ni mimi, basi mbele ya jeneza hili naikataa. Bwana Castory, nakushukuru kwa sanda na kwa mchele, jogoo wako utashuka naye, mlango nimeurudisha, na mabati ukitaka ung'oe, mwaka huu tutalala kwenye nyasi kama tulivyozaliwa. Pendo, kuanzia sasa chora utakacho au usichore kabisa, chora watu wakiwa uchi, nichore mimi na pua zangu, na ukishindwa, shindwa kwa kitu chako. Wazee wakitaka kunivua ukubwa wanivue tukishamaliza mazishi, nitakuwa nyumbani.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Morogoro na Dar es Salaam waliomhudumia kwa uvumilivu, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani ambao walichangishana nauli wakaja wote na magwanda yao, nawashukuru majirani wa Bigwa, hasa Mama Shadia na wanawake wanne walioinua kile kitanda wakakipitisha mlangoni, na kwa hao nasema zaidi ya asante, kwa sababu mlifanya kwa mikono yenu jambo nililopaswa kulifanya mimi kwa neno moja tu.

Felista, dada yangu, nimechelewa. Pumzika kwa amani, na kunisamehe usinisamehe leo wala kesho, nisamehe utakapotaka mwenyewe, hakuna mtu wa kukuharakisha.